Vidonge vya aleji visivyoleta usingizi: maswali yanayoulizwa kila siku Mbeya, Iringa na Njombe

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Mbeya. Mimi natoa dawa kwenye famasi hapa Mbeya mjini, na kila mwaka baridi ikianza kukatika, vumbi likapanda na watu wakaanza kuchoma mashamba, maswali ni yaleyale: chafya hazikati, macho yanawasha, mwili umetoka mabaka, "dada nipe ile isiyolaza". Nimeyaweka hapa yale yanayorudi rudi, kwa maneno ya wanaouliza. Kama una haraka soma la 1, la 16 na la 21 kwanza, mengine utarudia.

## Kuijua dawa yenyewe

1. Hizi "zisizolaza" ni zipi hasa, na zinatofautiana nini na Piriton?

Ni setirizini, loratadini na feksofenadini, pamoja na ndugu zao levosetirizini na desloratadini. Kwenye boksi utakuta zimeandikwa Cetirizine, Loratadine, Fexofenadine kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kampuni, na hilo jina dogo ndo la kusoma maana majina makubwa yapo mengi ila dawa ndani ni ileile. Nimeshaona mtu kanunua boksi mbili za rangi tofauti akidhani ni dawa mbili, zote setirizini.

Zinavyofanya kazi: mwili ukikutana na kitu usichopatana nacho unamwaga kemikali inaitwa histamini, hiyo ndo inayowasha, inayovimbisha na kufanya pua imwagike. Dawa inakaa pale histamini ilipotaka kukaa, basi inakosa nafasi. Zile za zamani, yaani klofeniramini ambayo wengi mnaijua kama Piriton, na promethazini ambayo ni Phenergan, zinaingia mpaka kwenye ubongo na kule histamini ndo moja ya vitu vinavyokuweka macho, kwahiyo unasinzia. Hizi mpya zinaingia kwenye ubongo kidogo sana.

2. Mbona mimi nikimeza setirizini nasinzia na mliniambia hailazi?

Hujakosea na hatukukudanganya makusudi, ila neno "haileti usingizi" ni kubwa kuliko ukweli wenyewe. Kwenye majaribio ya setirizini ya miligramu 10, watu kama 14 kati ya 100 walisinzia, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walisinzia kama 6 kati ya 100. Yaani wapo, na wewe ni mmoja wao. Katika hizi, setirizini ndo inayoongoza kwa kulaza pamoja na levosetirizini, loratadini inafuata kwa mbali, feksofenadini ndo kidogo kabisa. Kama inakulaza usiache kutibu aleji, omba ubadilishiwe, au meza usiku. Ila kabla hujashika usukani soma la 12.

3. Inatibu nini na haitibu nini?

Inafanya vizuri kwenye chafya za mfululizo, makamasi mepesi kama maji, pua na koo kuwasha, macho kuwasha na kutoa machozi, na yale mabaka yanayovimba kama umepigwa na upupu af yanahama hama mwilini. Pua iliyoziba kabisa inasaidia kidogo tu, hapo dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ndo inashika zaidi, na ile inataka uitumie kila siku, matokeo unaanza kuyaona baada ya siku kadhaa, sio ya kupuliza leo ukategemea leo.

Haitibu mafua ya virusi, haitibu pumu (la 22), haitibu fangasi. Na haitibu upele wa kuambukizana, hii naisema kwa sauti kwa wazazi wenye watoto bweni: mtoto anarudi likizo anajikuna usiku, katikati ya vidole kuna vidude, na wadogo zake nao wameanza, ule ni upele, unataka dawa ya kupaka ipakwe na watu wote wa nyumba, na kufua mashuka. Setirizini itapunguza kujikuna tu na wale wadudu wa upele wataendelea.

4. Nitajuaje ni aleji na sio mafua ya kawaida?

Mafua ya virusi yanakuja na mwili kuuma, pengine homa, makamasi yanaanza mepesi yanakuwa mazito, ndani ya wiki moja au siku kumi yameisha. Aleji haina homa, inawasha sana, makamasi yanabaki kama maji, na inakuwa na tabia: asubuhi ukitandika kitanda, ukifagia, ukipita shamba flani, ukifika stoo. Inaweza kukaa miezi. Ukiona homa, usitafute kidonge cha aleji, nenda kapime.

5. Kwanini huku kwetu inazidi?

Sio kila mtu inazidi, ila vitu vya kuiamsha tunavyo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi mvua hakuna, barabara za vumbi zinapepea. Chavua ya misonobari na ya majani ya porini inaruka, mahindi yakitoa mbelewele nayo ina chavua yake. Blanketi na makoti mazito yaliyokaa sandukuni tangu mwaka jana yanatolewa siku ya baridi ya kwanza, yamejaa vumbi na wadudu wadogo wa vumbi, mtu analala nayo hivohivo. Wanaofanya kazi kwenye mashine za mbao Mafinga wanavuta unga wa mbao siku nzima. Na wale wa pareto kule Makete, Njombe na Mufindi, maua yale yanajulikana kuleta aleji ya ngozi na ya pua kwa baadhi ya wanaoyachuma na kuyakausha.

Kuna kitu hapa watu wanachanganya: moshi wa kuni jikoni na moshi wa mashamba yanayochomwa mwezi wa tisa, huo mara nyingi sio aleji, unaunguza tu pua na macho. Kidonge hakitausaidia kitu. Anayepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha anameza setirizini mwezi mzima na bado anakohoa, dawa yake ni hewa ipite.

Blanketi fua kwa maji ya moto, anika juani, tandika shuka la pamba chini yake. Sawmili vaa barakoa. Inapunguza vidonge kuliko unavyofikiri.

## Kumeza

6. Mtu mzima anameza ngapi?

Setirizini miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Loratadini miligramu 10, kimoja kwa siku. Levosetirizini na desloratadini ni miligramu 5, kimoja kwa siku, usione namba ni ndogo ukameza viwili. Feksofenadini kwa kawaida 120 kwa aleji ya pua na 180 kwa mabaka ya ngozi, kimoja kwa siku. Watoto ni la 15, wenye figo ni la 17.

Kinachowachanganya ni mazoea ya Piriton ya kutwa mara tatu. Hizi zinakaa mwilini kama saa 24, kwahiyo moja inatosha mpaka kesho mda uleule.

7. Asubuhi au usiku? Kabla au baada ya kula?

Setirizini na loratadini kula au usile ni sawasawa. Mda chagua mwenyewe: chafya zako zikiwa za alfajiri, kumeza usiku kunakufaa, na ukiwa wa kusinzia ndo kabisa meza usiku. Unaanza kuona unafuu ndani ya saa moja mpaka tatu hivi.

Feksofenadini ndo ina masharti. Meza na maji. Juisi ya machungwa, ya tufaha au ya balungi inazuia isiingie vizuri mwilini, na watu wa huku mnapenda juisi asubuhi. Kama unatumia dawa ya kiungulia ya maji meupe yenye aluminiamu na magnesiamu, ziache zipishane angalau saa mbili.

8. Nimesahau jana, leo nimeze mbili?

Hapana. Meza moja ya leo.

9. Moja hainisaidii, naongeza?

Usiongeze mwenyewe. Ni kweli madaktari wa ngozi wanaweza kumpandishia mtu mwenye mabaka sugu mpaka mara nne ya dozi ya kawaida, lakini wanafanya hivo wakiwa wameshajua ni mabaka ya aina gani, wamekuuliza figo, na wanakufuatilia. Wewe nyumbani ukimeza mbili unaongeza usingizi na mdomo kukauka, na kama shida ni upele wa kuambukizana au moshi (la 3 na la 5) hata ukimeza nne ni bure. Jaribu kwanza siku kadhaa mfululizo bila kuruka, wengi "haijanisaidia" yao ni kidonge kimoja cha juzi. Ikigoma, badilisha aina, mwili wa mtu unaweza kukubali loratadini ukakataa setirizini au kinyume chake. Ikigoma tena nenda hospitali.

Na usichanganye setirizini na loratadini siku moja ukidhani zitasaidiana. Kazi yao ni moja.

10. Naweza kutumia miezi mingi? Mwili hautazoea?

Kwa mtu mzima asiye na shida ya figo wala ini, kutumia msimu mzima wa vumbi hakuna tatizo kubwa linalojulikana, na nguvu yake haipungui kwa kuzoea kama watu wanavyosema. Ila ukifika miezi mitatu kila siku basi onana na daktari mara moja ajue chanzo, maana mtu anaweza kutibu dalili miaka na mbuzi analala chumba cha pili.

Kuna jambo jingine ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitolea tahadhari mwaka 2025: baadhi ya watu waliotumia setirizini au levosetirizini kila siku kwa miezi au miaka, wakiacha ghafla, wanapata muwasho mkali mwili mzima ndani ya siku chache hata kama mwanzoni hawakuwa na muwasho. Ni wachache sana. Likikukuta usiogope wala usipake kila kitu, rudi kwa daktari, mara nyingi wanairudisha dawa af wanaipunguza taratibu.

11. Dukani nimeomba "setrini" nikapewa vidonge vikubwa vyeupe, ndo vyenyewe?

Subiri, usimeze. Hii imenigusa nyumbani kabisa. Mama yangu mdogo alimtuma mtoto dukani akamletee "setrini ya muwasho", mtoto akafika akasema hivohivo, akapewa septrini. Septrini ni antibayotiki, ina salfa, na mama mdogo salfa haipatani naye tangu ujana. Alishameza moja kabla sijafika, usiku midomo ikavimba, ilibidi kukodi bajaji saa saba usiku kwenda hospitali. Alipona, na mimi tangu siku hiyo hakuna mtu anatoka kaunta yangu bila kunisomea jina lililopo kwenye karatasi ya vidonge.

Setirizini kwa kawaida ni kidonge kidogo, septrini ni kikubwa, lakini usitegemee ukubwa. Usimtume mtoto kwa mdomo, mwandikie kwenye kikaratasi au mpe ganda la zamani. Na ukipewa vidonge vimekatwa vikafungwa kwenye kipande cha gazeti bila jina, rudisha.

## Barabarani, kazini, kwenye pombe

12. Mimi dereva, ipi inanifaa?

Feksofenadini kwanza, loratadini ya pili. Setirizini tu kama ulishaijaribu ukaona haikulazi, na Piriton au Phenergan hapana kabisa ukiwa na safari.

Ya kujaribu inajaribiwa hivi: siku ya mapumziko, upo nyumbani, meza, kaa uone saa sita nane zinazofuata ukoje. Usijaribu ukiwa njiani. Kaka mmoja wa Fuso anayebeba viazi kutoka Isyonje kwenda Dar alikuja kaunta jioni, macho mekundu, tandiboi wake ndani ya gari injini inanguruma, anataka "chochote kinachokata mafua haraka" kwasababu usiku anashuka Kitonga. Nilimwuliza amemeza nini, akatoa mfukoni vidonge vya mafua vya mchanganyiko, ndani vina klofeniramini, alishameza viwili mchana. Nilimwomba alale Mbeya. Alikasirika, af akakaa kwenye benchi pale nje dakika tano, nikamwona anasinzia kichwa kinagonga ukuta. Akaamka mwenyewe akasema sawa dada, nimelala.

Kwa hiyo dereva, usiulize tu kidonge cha sasa, uliza na ulichomeza mchana. Na bodaboda mpo humuhumu, na fundi wa msumeno pia.

13. Bia moja au ulanzi kidogo?

Bora uache siku unayomeza, hasa setirizini, maana pombe na dawa zinashikana kwenye usingizi hata pale kila kimoja peke yake kisingekulaza. Loratadini na feksofenadini hazishikani sana na pombe, lakini pombe yenyewe inaweza kumwongezea mtu mabaka na kuziba pua, kwahiyo unapigana na dawa yako. Ulanzi wa Iringa msimu wa mvua hauna lebo ya nguvu, wa asubuhi na wa jioni sio mmoja, hujui umekunywa kiasi gani.

## Wajawazito, watoto, wazee

14. Nina mimba, au nanyonyesha, naruhusiwa?

Loratadini na setirizini ndo zimetumiwa na wajawazito wengi na hazijaonyesha kudhuru mtoto, kwahiyo mara nyingi daktari akichagua anachagua hizo. Lakini mwambie muuguzi wa kliniki kwanza, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na anza na yasiyo dawa: kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, blanketi kufuliwa, kukaa mbali na vumbi. Anayenyonyesha, hizo mbili zinapita kwenye maziwa kidogo sana. Za zamani za kulaza epuka, mtoto anaweza kuzubaa asinyonye vizuri.

15. Mtoto nimpe kiasi gani?

Chini ya miaka miwili usimpe bila daktari. Setirizini, miaka 2 mpaka 5 ni miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, miaka 6 mpaka 11 ni miligramu 5 mara mbili kwa siku, kuanzia 12 kama mtu mzima. Loratadini inaangalia uzito: mtoto wa kuanzia miaka miwili mwenye kilo 30 kushuka chini ni miligramu 5 mara moja kwa siku, akizidi kilo 30 ni miligramu 10 mara moja.

Sirapu nyingi za dawa hizi zina miligramu 5 ndani ya mililita 5, lakini soma chupa yako. Kwahiyo miligramu 2.5 ni mililita 2 na nusu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa, kijiko cha nyumbani kinadanganya, kila nyumba kina saizi yake.

16. Mtoto halali usiku, nimpe Piriton au Phenergan kidogo alale?

Usimpe, na hapa naomba msikilize. Promethazini haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwasababu imeshasababisha watoto kuacha kupumua wakafa, dozi ndogo au kubwa. Najua mama unayeamka saa kumi kwenda kuchukua mzigo sokoni umechoka, najua nyumba moja ya kupanga majirani wanalalamika mtoto analia. Lakini mtoto anayelia kila usiku anasema kitu, sikio linauma, tumbo, pua imeziba, anataka kupimwa. Na dada wa kazi mwambie wazi, chupa ifungiwe juu, usimwachie kuwa "dawa ya kulala".

17. Mzee wangu ana miaka 75, na ana shida ya figo. Atumie ipi?

Za zamani hapana, zinamchanganya akili, zinamziba mkojo kama ana tezi dume, na anaanguka usiku akienda chooni. Nyonga ya mzee ikivunjika ni kesi ndefu.

Kwa figo: setirizini na levosetirizini zinategemea figo kutoka, na feksofenadini nayo inajaa zaidi mwilini figo zikiwa mbovu, kwahiyo dozi inapunguzwa, setirizini mara nyingi inakuwa nusu kidonge, miligramu 5, na figo zikiwa zimefika mwisho haitumiki. Loratadini inategemea ini zaidi, mwenye ini bovu sana hupewa siku moja aruke siku moja. Beba karatasi ya vipimo vyake ukija famasi, sio unaniambia tu "figo kidogo".

## Ukiwa na dawa nyingine

18. Nameza na panado au dawa ya mafua?

Panado peke yake haina shida. Tatizo ni vidonge vya mafua vya mchanganyiko. Vingi vina klofeniramini ndani, ukiongeza setirizini umemeza dawa mbili za aleji. Na vingine vina dawa ya kuzibua pua kama sudoefedrini au fenilefrini, hizo zinapandisha presha na mapigo ya moyo. Mwenye presha asimeze bila kuuliza, hata boksi la loratadini likiwa na herufi D mwishoni mwa jina ujue imechanganywa na hiyo ya kuzibua.

19. Mseto wa malaria, ARV, dawa za TB?

Mseto hauzuii setirizini wala loratadini. ARV na TB ni orodha ndefu, zipo zinazobadilisha kiasi cha dawa mwilini, kwahiyo taja unachotumia. Famasi nzuri itakusikiliza pembeni, sio mbele ya foleni. Na muwasho ulioanza baada ya kuanza ARV au septrini sio wa kutibu na setirizini kimyakimya, nenda la 23.

20. Kuna mtu alinipa vidonge vidogo, siku moja nikapona kabisa. Nataka vile.

Vya namna hiyo mara nyingi ni predinisoloni au deksametasoni. Ni steroidi. Zina kazi yake na daktari anaziandika kwa siku chache, lakini mtu akizizoea kununua kila vumbi likipanda, sukari inapanda, presha inapanda, uso unavimba mviringo, mifupa inalegea, vidonda vya tumbo, na kuacha ghafla baada ya mda mrefu ni hatari. Hapa mtu anayekuuzia bila cheti hakupendi, hata kama ni rafiki yako.

## Hatari na yasiyo ya kawaida

21. Dalili gani niache kidonge nikimbie hospitali?

Midomo, ulimi au koo kuvimba, sauti kukwaruza, pumzi kubana au kutoa mlio, kizunguzungu na kuanguka, kutapika mfululizo pamoja na mabaka, hasa ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kung'atwa na nyuki, kula karanga au samaki, au kuchomwa sindano. Hapo dawa ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja. Kidonge cha aleji kinachukua saa kuanza kufanya kazi, koo linaziba kwa dakika. Usimpe kidonge ukasubiri uone.

Mlaze chali miguu juu, akiwa anahema kwa shida mwache akae, usimsimamishe wala kumtembeza. Mwiba wa nyuki ukwangue haraka. Gari yoyote inayopita, kituo chochote cha afya kilicho karibu, usiruke cha karibu ukitafuta hospitali kubwa. Wafugaji nyuki, kama ulishawahi kuvimba hivi mara moja, usirudi mzingani kabla ya kuonana na daktari.

22. Nina pumu, inatosha?

Haitoshi. Unaweza kuimeza kwa ajili ya pua, lakini pampu yako haibadilishwi na kidonge. Kifua kikibana pampu kwanza.

23. Vipele vimenitoka baada ya kuanza dawa mpya.

Usivifunike na setirizini ukaendelea na dawa ile. Rudi ulikopewa siku hiyohiyo. Ukiona malengelenge, ngozi inababuka, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, na homa, hiyo ni dharura kama la 21, hospitali ya wilaya au ya rufaa. Andika jina la dawa hiyo kwenye daftari lako la kliniki kwa kalamu nyekundu.

24. Mtoto kameza vidonge vingi vya aleji.

Usimtapishe, usimpe maziwa ya kumsafisha. Chukua ganda, hesabu vilivyobaki, mpeleke. Ganda ndo litamwambia daktari ni setirizini au promethazini, na hizo mbili hazitibiwi kwa wasiwasi uleule.

25. Nimepangiwa kipimo cha aleji cha kuchomachoma ngozi.

Dawa hizi zinaficha majibu. Kwa kawaida zinaachwa kama wiki moja kabla, waulize waliokupangia siku kamili, na kama mabaka yako ni makali usiache bila kuwaambia.

26. Kijijini kwetu duka la dawa muhimu lina Piriton tu. Nifanyeje?

Ukiwa na safari ya mjini nunua ya mwezi mzima ya setirizini au loratadini, angalia tarehe ya kuisha, weka mahali pakavu mbali na jiko. Ukiwa huna namna, Piriton ni dawa halali na inafanya kazi, mtu mzima ni kidonge cha miligramu 4, anza na cha usiku peke yake kwanza. Asubuhi yake usipande pikipiki wala kushika panga mpaka uhakikishe kichwa kimekaa sawa, maana inaweza kukuachia uzito mpaka saa nne asubuhi hata kama unajiona umeamka.